Binti yangu alimwambia mwanasaikolojia wa kliniki siri aliyoninyima mimi baba yake

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioamka salama.

Naandika nikiwa Malaba, upande wetu wa Kenya. System imelala tangu asubuhi, malori yamepangana hadi huko nyuma, na hakuna karatasi inayosonga. Mikono iko bure na moyo umejaa. Kwa hivyo leo nawawekea hapa jambo lililotokea nyumbani kwangu, kama lilivyotokea. Sina cha kuuza na hakuna anayenijua humu, kwa nini niwadanganye? Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa ajili ya mtoto.

Niseme mapema kwamba huu ni uzi wa wivu. Si wivu wa mke, wala wa jirani aliyeweka tiles. Nilimwonea wivu kijana mmoja wa kliniki, mwanasaikolojia, kwa sababu binti yangu alimpenda na akamwambia mambo ambayo mimi sikuambiwa.

Mkitaka kucheka chekeni. Mke wangu alishawatangulia.

Sasa mnijue kidogo. Mimi ni clearing agent. Naishi Burumba pale Busia, lakini kazi yangu zaidi iko huku Malaba. Kwa wasiojua, clearing agent ndiye anayeshughulikia makaratasi ya mzigo ili lori livuke kwenda Uganda. Nimekaa mpakani hadi nimejifunza kumtazama dereva usoni na kujua kama kuna kitu kimefunikwa chini ya mzigo aliosema. Hapo najisifu, na sentensi hiyo muiweke kando, tutaihitaji mbele.

Kifungua mimba wangu ni msichana. Tumwite Nasubo. Ana sickle cell.

Wale ambao hamjaiona karibu, mshukuruni Mungu. Chembe za damu zinajikunja, zinaziba njia, na mtoto anaumwa mifupa mpaka nguvu ya kulia inamwishia. Akipigwa na baridi, ni shida. Asipokunywa maji ya kutosha, ni shida. Tulijulishwa ugonjwa huo akiwa bado mdogo, tukaanza kliniki, na baadaye daktari akamwanzishia kapsuli ya kila siku inayopunguza yale maumivu. Ina jina refu la kizungu. Nyumbani tunaiita tu "ya jioni".

Na ya jioni, wakuu, ilikuwa kazi yangu.

Mama yake alikuwa na mambo mengi na huyu mtoto. Nywele ni yeye, nguo ni yeye, stori za shule ni yeye. Ana kibanda cha mitumba sokoni Busia na mtoto akifunga shule anapitia huko, wanapiga gumzo hadi jioni. Mimi nilikuwa na kapsuli peke yake. Natoka Malaba nikikimbia ili nimpe kwa mkono wangu. Natoa kapsuli, namshikia kikombe cha maji, anameza, ananiambia "asante baba". Mambo ni hayo tu, na nilikuwa nayapenda kuliko chakula.

Basi, kliniki.

Zamani siku ya kliniki ilikuwa na mpangilio wake. Mtoto anapimwa uzito, anatolewa damu, anaonwa na daktari, mnachukua dawa, mnarudi nyumbani. Hospitali yenyewe sitaitaja, ila iko huku huku kwetu. Siku moja tukakuta mlango mmoja zaidi umefunguliwa kwenye korido ile ile. Daktari wetu, mama mmoja asiye na maneno mengi, akatuambia wazazi kwamba kliniki sasa ina mwanasaikolojia wake. Si kwamba mtoto akionekana ana shida ndiyo atumwe jengo lingine. Kila mtoto atapita kwake kama anavyopita kwenye mizani.

Wazazi tukatazamana. Mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Daktari, lakini huyu wangu ni damu inasumbua. Si kichwa."

"Mama, damu inatembea mwili mzima," daktari akamjibu. "Na kichwani pia inafika."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kwetu ukisikia psychologist unafikiria yule mtu anayeokota makaratasi barabarani akijisemesha. Nikaona mtoto wangu ameshaongezewa ugonjwa wa pili bila kuulizwa.

Nilitarajia mzee mwenye mvi. Akatokea kijana wa Chakol, Mteso, tumwite Omoding. Amevaa raba na soksi za rangi ya chungwa. Akanisalimu kwa lugha yao, "Yoga, mzee," akanipa mkono kwa heshima zote, kisha akachuchumaa akamsalimu Nasubo macho kwa macho. Watoto wa kliniki walikuwa tayari wanamwita Uncle.

Tulikaa naye wote kidogo, halafu akaniomba nisubiri nje.

Nikakaa kwenye benchi. Mlango ukafungwa. Baada ya muda nikasikia kicheko.

Kicheko cha binti yangu, wakuu. Kile cha kuanzia tumboni. Nyumbani alikuwa amenyamaza muhula karibu wote, anajibu neno mojamoja, nami nikajiambia ni usichana unaingia. Kumbe kicheko kipo, ila kimehamia kwa mtu mwingine.

Alipotoka nikamuuliza walikuwa wanacheka nini. "Hakuna kitu baba, ni stori tu." Nikamtazama yule kijana na soksi zake. Nikamchukia hapo hapo, bila kosa lolote.

Kuanzia siku hiyo nyumba yangu ikapata mtu asiyelala humo lakini anatajwa humo. Uncle Omoding alisema hivi. Uncle Omoding alinionyesha vile. Ikafika kwenye maji. Mimi nimemwambia huyu mtoto anywe maji tangu alipoanza kutembea, nimebembeleza, nimekaripia. Omoding akamwambia mara moja, akarudi nyumbani akaijaza chupa mwenyewe bila kusukumwa.

Nikamwuliza mke wangu, "Kwani mimi nilikuwa naongea lugha gani?"

"Ya baba," akasema, na akaendelea kukunja nguo zake.

Nikaamua kushindana. Ndiyo, nilishindana na mtu aliyeajiriwa kumsaidia mwanangu. Nikaanza kuja na chipsi kutoka Malaba, zinafika zimelala. Nikajifunza vichekesho vya simu nikavisoma mezani. Jioni namuuliza, "Shule ilikuwaje leo?" Sawa. "Sawa vipi?" Sawa tu. Mwishowe, na hili nalisema nikijua mtanicheka hadi Krismasi, nikaenda kwenye kibanda cha mke wangu nikachagua soksi za kijani kibichi.

Mke wangu aliziangalia, akaniangalia mimi. "Baba Nasubo, hata mke mwenza sijawahi kuona akisumbuka hivi."

Nasubo hata hakuziona zile soksi.

Mnivumilie, kuna dereva alikuwa ananiita. Amedhani network imerudi. Haijarudi. Tuendelee.

Katikati ya vita vyangu hivyo, mtoto akaanza kuumwa zaidi. Akalazwa, akatoka, hata shuka hazijakauka akalazwa tena. Mkono na mgongo. Ule uso wake nikiukumbuka mpaka sasa chakula kinanikwama. Daktari hakuelewa, kwa sababu dawa ilikuwa imemkubali vizuri hapo mwanzo.

Siku ya kliniki akatuita ofisini mimi na mke wangu. Omoding naye yuko, amekaa pembeni. Nikajiuliza huyu anatafuta nini hapa, hii si ni mambo ya damu?

Daktari akasema mtoto akimeza dawa hii, chembe zake huongezeka ukubwa, na hilo huonekana kwenye vipimo. Za Nasubo zilikuwa zimeongezeka, sasa zimerudi zilikokuwa. Ama dawa ni kidogo kwa mwili wake unaokua, ama haimfikii.

"Inamfikia," nikasema. Nikanyanyua mkono wangu wa kulia. "Daktari, nampa kwa mkono huu."

Daktari aliniamini. Nilimwona akichukua kalamu ili aongeze kipimo. Ndipo kijana akafungua mdomo.

"Daktari, naomba tusiongeze bado. Nipatie wiki moja na yeye."

Nilihisi nimevuliwa nguo mbele ya mke wangu. Kijana ambaye sijui kama hata ana mtoto, ananiita mwongo? Lakini daktari aliiweka kalamu chini. Akatueleza bila kupandisha sauti kwamba ukiongeza dawa kwa mtoto ambaye hamezi, halafu siku moja aamue kumeza yote, damu inaweza kushuka vibaya. Bora kujua kwanza. Nilitoka pale nimenuna hadi Burumba.

Wiki iliyofuata nikampeleka mimi mwenyewe. Wakaingia, mlango ukafungwa, nikakaa kwenye benchi langu kusubiri kicheko cha kuniudhi.

Hakukuwa na kicheko. Kulikuwa kimya, na kimya kile kilinitisha kuliko kicheko.

Omoding akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, akakaa kando yangu.

"Mzee, kuna kitu ameniambia. Ile ya dawa nitaambia daktari na wewe pia, juu hiyo ni usalama wake, na yeye amekubali. Hiyo ingine ni yake. Anataka kukuambia na mdomo yake, lakini anaogopa."

"Anaogopa nani?"

"Wewe."

"Mimi huyu mtoto sijawahi kumchapa hata siku moja."

"Haogopi kuchapwa, mzee."

Kisha akaniambia ile ya dawa. Nasubo alikuwa hamezi. Anaiweka chini ya ulimi, anakunywa maji, ananiambia asante baba, halafu anakwenda chooni anaitema. Jioni baada ya jioni, muhula mzima.

Sasa irudieni ile sentensi niliyowaambia muiweke kando. Mimi ninayejua kumsoma dereva usoni. Hakuna lori lililowahi kunipita hivyo. Aliyenipita ni mtoto wangu, mbele ya macho yangu, na heshima juu.

Nikasimama niingie nimuulize. Omoding naye akasimama. Hakunizuia, alisimama tu.

"Huyu mtoto ni wako ama ni wangu?" nikamuuliza. Nurse aliyekuwa akipita akageuka.

"Ni wako, mzee. Ndio maana haniogopi mimi. Mimi akiniambia kitu mbaya, nitaenda nyumbani nikule. Wewe anajua hutakula."

Akaongeza kwa sauti ya chini, "Mzee, Nasubo wa kwanza alikuwa nani?"

Wakuu, nilitoka.

Sikuamua kutoka. Miguu ilinichukua, nikapita korido, nikapita mizani, nikajikuta nimesimama getini kwa watu wa boda boda, mmoja ananiuliza, "Boss, twende?"

Hapa lazima niwaeleze kuhusu jina.

Sisi asili yetu ni Budalang'i. Kwetu mtoto akizaliwa halafu alie asinyamaze, wazee humtajia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Jina atakalolinyamazia ndilo lake, kwa maana mwenye jina ameomba akumbukwe. Binti yangu alilia. Mama yangu akamshika, akataja nyanya zake, akataja mashangazi zake, mtoto analia tu. Mwisho mama akataja jina ambalo hakuna aliyelitarajia, kwa sauti ya kama kujisemea.

Nasubo. Mtoto akanyamaza.

Nasubo alikuwa dada yangu mdogo. Alikufa akiwa darasa la sita, mwaka ambao mto Nzoia uliingia hadi kwenye boma letu na tukalala kwenye tuta la kuzuia maji na watu wengine. Mzee mmoja alinung'unika kwamba jina la mtoto aliyeondoka mapema haliitwi namna hiyo. Mama akamwambia, "Sikumwita. Amejitaja mwenyewe." Basi ikawa hivyo.

Tangu siku hiyo mama humwita binti yangu "aliyerudi". Kila tukienda likizo: karibu aliyerudi wangu, kaa hapa nikuone.

Na mimi? Jina la binti yangu nalitaja mchana kutwa bila shida. Lakini mtu akianza habari za Nasubo wa kwanza, mimi huwa niko nje kabla hajamaliza. Siendi kwa hasira. Naenda kuvuta hewa, narudi, mazungumzo yamebadilika. Mke wangu alishazoea. Nilidhani hayo ni mambo yangu na miguu yangu, hayamgusi mtu.

Nikiwa pale getini ndipo nikagundua Omoding ameniona mubashara. Na dirisha la chumba chake linatazama korido, kwa hivyo Nasubo naye ameniona.

Nikarudi. Nilimkuta pale pale kwenye benchi.

"Alisema utatoka," akaniambia. Nilitaka kukasirika, lakini alikuwa hajamaliza. "Alisema pia utarudi."

Nikamuuliza nifanye nini sasa. Huyo ni mimi, mwenye kiburi changu, namwuliza mwenye soksi za chungwa.

"Kazi yako ni moja. Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu. Machozi ikikuja, wacha ikuje. Lakini kiti usiache."

Nikauliza kama tumpigie mama yake aje. Akasema Nasubo ameomba niwe mimi peke yangu. Niwafiche nini? Hata katika hali ile nilifurahi kwamba safari hii si mama yake.

Nikaingia. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mikono ameiingiza ndani ya mikono ya sweta. Nikakaa mbele yake. Omoding akakaa mbali kidogo.

"Baba, usitoke."

"Sitoki."

"Mimi niko grade six."

"Najua, mama."

"Nyanya husema mimi ni Nasubo amerudi. Na Nasubo aliishia class six. Ati mifupa ilimuuma, mvua ikanyesha, akaenda. Na mimi mifupa inaniuma. Sasa nikajua ni mwaka huu."

Miguu yangu ilikuwa tayari imerudi chini ya kiti, inajipanga. Nikashika kiti kwa mikono yote miwili.

"Nikaona hiyo dawa ni ya bure. Unatoka Malaba ukikimbia, unafika umechoka, na mimi nitaenda tu. Sikutaka uchoke bure, baba."

Aliyasema bila kulia, na hilo ndilo lililonimaliza. Alikuwa ameyafikiria mpaka akayakubali. Mtoto wangu alikaa miezi yote hiyo akisubiri kufa, mezani kwangu, huku akiniambia asante.

Na mnajua swali langu la kwanza lilikuwa nini? Naona aibu kuliandika. Niliuliza, "Mbona ukamwambia Uncle, hukuniambia mimi?"

Hakusita. "Nilianza kukuambia. Ile siku tulitoka kwa nyanya. Nikasema Nasubo wa kwanza alikuwa mgonjwa ya nini, ukaenda nje. Nikangoja, ukarudi ukaniuliza kama nimekula." Akamtazama Omoding. "Uncle hukaa."

Nililia, wakuu. Nililia nikiwa nimeshikilia kile kiti, na binti yangu ananiangalia miguu, si uso. Alikuwa anaangalia kama itanyanyuka.

Ilipotulia kidogo nikaanza kuongea. Hakuna aliyeniambia niseme nini. Nikamwambia, "Dada yangu hakuwahi kumeza hata kapsuli moja."

Akanyanyua macho.

Nikamwambia kwamba hakuna aliyejua ule ugonjwa unaitwaje. Damu yake haikupimwa hata siku moja. Tulimkanda kwa majani, tukasema ni baridi ya mto imemwingia mifupani. Hakuwa na kliniki, hakuwa na daktari anayelijua jina lake. Kama wakati ule kungekuwa na ya jioni, leo angekuwa shangazi mnene anayetuomba nauli.

"Alikuwa anakaa aje?" akauliza.

Hapo ndipo nilipomtoa dada yangu mahali nilipokuwa nimemfungia. Nikamwambia alikuwa anajua kuigiza watu. Akimwigiza katekista wetu anavyokohoa kabla ya sala, mama alikuwa anamfukuza na mwiko huku akicheka. Nikamwambia alikuwa anaogopa kuku. Jogoo akiingia jikoni, Nasubo yuko juu ya meza.

"Kuku?" binti yangu akasema. "Si mimi hushika kuku mama akichinja?"

"Ndio nakuambia. Si wewe. Ni jina tu mnashiriki."

Akacheka. Kile kicheko cha kuanzia tumboni, nilichokuwa nakisikia kupitia mlango. Safari hii nilikuwa ndani.

Omoding akatoka, akarudi na daktari. Hatukutumwa mahali, hatukuandikiwa tarehe ya mbali. Daktari alivuta kiti akaingia kwenye mazungumzo yale yale, akaeleza kwamba dawa itaanzwa taratibu na damu itapimwa kwa karibu. Halafu akamwuliza Nasubo, si mimi, kama atameza.

"Nitameza. Lakini nitakuwa najipatia mwenyewe." Akanigeukia. "Baba akae tu."

Basi kazi yangu ya kapsuli ikaisha hapo. Iliniuma, sitadanganya.

Tukaenda Budalang'i kumwona mama. Nilimwambia yote tukiwa jikoni kwake, na Nasubo amekaa kati yetu. Mama alisukuma kuni ambazo hazikuhitaji kusukumwa. Kisha akasema, "Mimi nilidhani namwambia anapendwa." Akasema kama ni jina, lina njia yake. Wazee wataitwa, kuku atachinjwa, mtoto apewe jingine.

Nasubo akakataa. "Sitaki lingine. Yeye alifika nalo class six. Mimi nitalipeleka mbele."

Mwaka ukaisha. Maumivu hayakuisha yote, niseme ukweli, alilazwa tena mara moja, kwa sababu sickle cell haiponi kwa maongezi. Lakini vipimo vilirudi pale daktari alipotaka, na Januari akavaa uniform ya junior school.

Mama yangu alitoka Budalang'i kuja kuona hiyo uniform. Alimzunguka, akavuta kola, akagusa sketi. Halafu akachukua kitabu kimoja cha mazoezi mezani akanipa, kwa sababu macho yake hayasomi tena.

"Imeandikwa nini hapa juu?"

Nikamsomea. Nasubo, Grade Seven.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, nikiwa nimekaa.

Funzo? Wale wenye watoto wa sickle cell, wa kisukari, wa kifafa, wa moyo: mkiambiwa kliniki imeweka mwanasaikolojia, msinune kama mimi. Na kama haijaweka, ulizeni kwa nini. Daktari wetu aliona kwenye damu kwamba kuna kitu. Kilikuwa nini, damu isingemwambia. Bila yule kijana kwenye kiti cha pembeni, mtoto wangu angeongezewa dawa asiyoimeza. Na mtoto akinyamaza kwako, usidhani hakupendi. Huenda amekuangalia vizuri akaona hutaubeba mzigo wake.

Wivu je? Upo. Juzi nilisikia fununu kwamba Omoding huenda akahamishwa. Nikafurahi kwa muda wa kama kupiga chafya, halafu nikashikwa na hofu kabisa. Nasubo bado ana mambo anayompelekea yeye kwanza. Nimekubali, ila sijasema nimezoea. Zile soksi za kijani ninazo, nimezivaa leo.

Sasa nyinyi mliowahi kuwekwa nje ya mlango na mtoto wenu yuko ndani anacheka na mtu mwingine, mlifanya nini? Na mliobeba majina ya waliokufa wadogo, mliwahi kuhesabu kama binti yangu? Andikeni, nitasoma yote. Wa kunicheka soksi pia wana nafasi yao.

System imerudi, malori yameanza kupiga honi. Namalizia hili la mbele yangu niwahi Burumba. Jioni nina mahali pa kukaa.